VIJIDUDU NA VIJITI VYA KABONI: NJIA YA KUSAFISHA MAJI YALIYO CHINI YA ARDHI

Wengi wa waandishi wa chama chetu hupenda kuandika mashairi na visa vya mapenzi yaliyovunjika, na mimi siwalaumu, kwani kurasa hizo ndizo husomwa kwanza. Lakini mwaka huu nimeamua kuleta kemia. Sababu yangu ni kwamba katika mdahalo wetu wa muhula uliopita, upande wa upinzani ulisema ati Kiswahili hakiwezi kufundisha sayansi, ati ukifika kwenye elektroni lugha inakwama kama mkokoteni kwenye matope. Mimi nilikuwa upande wa pili na kengele ikalia kabla sijajibu. Basi hili ndilo jibu langu, na nimechagua somo gumu makusudi: jinsi vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikisaidiwa na vijiti vya kupitisha umeme ambavyo huitwa elektrodi, vinavyoweza kusafisha maji yaliyochafuka chini ya ardhi.

Tuanze na maji yenyewe. Watu wengi hufikiri kwamba chini ya ardhi kuna mto au ziwa la giza ambalo mchimba kisima hulitoboa. La hasha. Mara nyingi maji yale hukaa katikati ya chembe za mchanga na katika nyufa za mawe, kama vile chai inavyokaa ndani ya andazi ulilolichovya. Hutembea, lakini mwendo wake ni wa kobe. Mahali pengi ni sentimita chache tu kwa siku. Mwendo huo una faida, kwa sababu udongo hupata muda wa kuyachuja. Hasara yake ni kwamba uchafu ukishaingia, hautoki upesi. Mto ukichafuliwa leo, mvua kubwa ya masika huenda ikausukuma uchafu hadi baharini. Mchanga ulio mita kumi chini haupati masika.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sijui wangesema nini juu ya petroli. Hebu chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Ndani ya petroli mna kitu kinachoitwa benzeni, ambacho huleta saratani ya damu kwa mtu anayekinywa au kukivuta kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limesema maji ya kunywa yasiwe na zaidi ya maikrogramu 10 za benzeni katika lita moja. Tuseme petroli yetu ina benzeni sehemu moja tu katika mia. Lita moja ya petroli basi ina mililita 10 za benzeni, ambazo uzito wake ni kama gramu 8.8, yaani maikrogramu 8,800,000. Gawanya kwa 10. Utapata lita 880,000. Kwa jerikani zetu za lita ishirini, hizo ni jerikani 44,000. Lita moja ya petroli! Kwa bahati si benzeni yote hufika majini, kwani nyingine huruka hewani na nyingine hunaswa na udongo, lakini sasa unaona kwa nini tone si jambo dogo.

Njia ya kawaida ya kusafisha ni mbili. Ya kwanza ni kuchimba udongo wote mchafu na kuupeleka kwingine, jambo linalowezekana kama uchafu uko karibu na juu na hakuna nyumba ya mtu hapo. Ya pili ni kuvuta maji kwa pampu, kuyasafisha juu, kisha kuyarudisha. Hii ya pili huonekana rahisi mpaka uanze. Mafuta hung'ang'ania mchanga kama yanavyong'ang'ania sufuria unaposuuza kwa maji baridi bila sabuni. Unavuta maji mwaka wa kwanza, yanakuwa masafi kiasi. Unazima pampu, na baada ya miezi michache uchafu umerudi tena kutoka kwenye mchanga. Kuna mahali Marekani ambapo pampu zimefanya kazi makumi ya miaka. Nani atalipa stima hiyo?

Sasa nikupeleke Marekani kwenyewe, katika jimbo la Minnesota, karibu na mji uitwao Bemidji. Tarehe 20 Agosti 1979 bomba la mafuta yasiyosafishwa lilipasuka huko na kumwaga takriban lita milioni 1.7. Wenye bomba walifanya bidii, wakazoa, wakachoma, wakachimba, lakini kiasi cha lita 400,000 kilibaki ardhini na kufikia maji ya chini. Kuanzia mwaka 1983 wanasayansi wa idara ya jiolojia ya Marekani walifanya mahali hapo kuwa kama maabara. Walichimba visima vingi vyembamba, wakawa wanachota na kupima mwaka baada ya mwaka. Walichokiona kiliwashangaza wengi. Benzeni na ndugu zake hazikuwa zimesafiri mbali kama maji yenyewe yalivyosafiri. Zilikuwa zinapotea njiani. Zilikuwa zinaliwa.

Walaji hao ni bakteria. Ili kuelewa wanavyokula ni lazima tuelewe kupumua, na hapa ndipo wapinzani wangu walisema lugha itakwama, basi naomba masikio yako yote.

Ukila ugali, mwili wako huuvunjavunja ili upate nguvu. Katika kuvunjwa huko, elektroni hutolewa kwenye chakula, na elektroni haziwezi kubaki zikielea tu. Lazima ziwe na pa kwenda. Kwetu sisi huenda kwa oksijeni tunayoivuta, na oksijeni ikizipokea pamoja na haidrojeni, yanatokea maji. Ndiyo kazi ya pumzi. Fikiria matatu. Abiria ni elektroni, matatu ni kijidudu, na oksijeni ndiyo steji ya mwisho. Matatu iliyojaa, kama haina mahali pa kuteremsha, haiwezi kubeba mtu mwingine hata kama barabara nzima watu wameinua mikono. Utingo anaweza kupiga kelele apendavyo. Bila steji hakuna safari, na bila safari dereva hapati kitu.

Chini ya ardhi palipomwagika mafuta, abiria ni wengi kupita kiasi, kwani mafuta ni chakula chenye elektroni tele. Kinachokosekana ni steji. Oksijeni kidogo iliyokuwamo kwenye maji humalizwa mapema. Hapo vijidudu vinavyotegemea oksijeni hulala njaa mbele ya karamu, na vingine vinavyojua steji nyingine huchukua zamu. Vipo vinavyotumia nitrati. Vipo vinavyotumia salfeti, ambavyo ndivyo hutoa ile harufu ya yai viza katika matope ya kinamasi. Na vipo, msomaji wangu, vinavyopumua kutu.

Narudia: kutu. Mnamo 1987 mtafiti wa Kimarekani Derek Lovley alipata katika matope ya mto Potomac bakteria ambaye huteremsha elektroni zake kwenye chuma kilichoshika kutu. Baadaye alipewa jina Geobacter metallireducens. Mwaka 1989 ilithibitishwa kwamba bakteria wa namna hii wanaweza kuvunja tolueni, ambayo ni ndugu wa benzeni, huku wakipumua chuma, bila oksijeni hata chembe. Ndiyo hali iliyokuwa Bemidji: mchanga wa pale una chuma kwa asili yake, na vijidudu vilikuwa vikila mafuta na kupumua kile chuma. Taabu ni moja. Chuma cha karibu na mafuta kilikuwa kikiisha. Steji ilikuwa inajaa. Baada ya hapo kazi huachiwa vijidudu vinavyotoa gesi ya methani, na kasi yao si ya kusifiwa.

Hapa ndipo linapozuka swali ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kuliuliza. Kama kijidudu kinaweza kuteremsha elektroni kwenye kipande cha kutu kilicho nje ya mwili wake, je, hakiwezi kuziteremsha kwenye kipande cha kitu kingine kinachopitisha umeme, ambacho sisi wenyewe tumekiweka?

Kinaweza. Fununu zake zilianza zamani. Mwaka 1911 profesa wa botania huko Uingereza, M. C. Potter, alionyesha kwamba hamira na bakteria wakivunja chakula huweza kutoa umeme kidogo kwenye vipande vya platinamu. Watu wakaliona kama kioja, wakaliacha. Miaka tisini baadaye, mwaka 2002, Lovley na wenzake walieleza jinsi walivyozika kipande cha grafiti katika matope ya bahari, wakaweka kingine katika maji ya juu yenye oksijeni, wakaunganisha kwa waya, na umeme ukapita. Walipokikwangua kile cha chini walikuta kimejaa jamii za bakteria walio karibu na ukoo wa Geobacter. Bakteria walikuwa wameipata steji mpya. Na steji hii haijai, kwa sababu abiria wakishateremka hupanda waya moja kwa moja hadi juu, ambako oksijeni iko bure.

Jinsi elektroni inavyotoka ndani ya mwili wa kijidudu ni habari inayonifurahisha kuliko zote. Ukuta wa kijidudu haupitishi umeme. Lakini Geobacter ana protini zilizobeba chuma, cha namna ile ile kilichomo katika wekundu wa damu yako, zimepangwa moja baada ya nyingine. Elektroni huruka kutoka chuma hadi chuma mpaka nje. Tena ana nyuzi nyembamba mno zinazotoka mwilini. Mwaka 2005 ilitangazwa kuwa nyuzi hizo ni vinywele vya kawaida vya bakteria vyenye uwezo wa kupitisha umeme. Mwaka 2019 wengine wakaziangalia kwa darubini kali na kuonyesha kuwa zile walizozipima ni protini zenye chuma zilizoungana kama shanga. Wataalamu wangali wanavutana juu ya jambo hili. Mimi huona raha kujua kwamba hata wao hufanya mdahalo.

Naomba niache maabara kidogo nieleze kwa nini nimelifuata somo hili, maana si mdahalo peke yake. Katika plot tunamoishi kuna kisima. Nilipokuwa darasa la tano maji yake yalianza kunuka petroli. Si mbali na hapo kuna mahali ambapo mafuta ya magari huwekwa chini ya ardhi, na kila mtu mtaani ana maneno yake juu ya jambo hilo, lakini hakuna aliyepima na mimi sitamtaja mtu. Mwenye plot alisema tutie dawa ya maji. Tukatia. Harufu ya dawa ikaongezeka na ya petroli ikabaki pale pale. Mama akachemsha, nyumba nzima ikanuka. Siku hizi tunanunua maji kwa mwenye mkokoteni, na jerikani sita kwa siku si mchezo katika nyumba ya watoto watano. Kisima kimefunikwa kwa bati na jiwe. Hata hivyo nyanya mmoja wa plot ya pili, ambaye hana mtu wa kumnunulia, huliinua lile bati na kuteka maji ya kufulia. Nilipomwambia, "Shikamoo nyanya, maji hayo yana sumu," alinijibu, "Marahaba mjukuu wangu. Na wewe utaniletea yapi?"

Sikuwa na yapi. Nikaenda kumuuliza mwalimu wa kemia kwa nini dawa haikufanya kazi. Alinieleza jambo ambalo nadhani kila nyumba ingefaa kulijua: dawa ya maji na kuchemsha huua vijidudu vya magonjwa, na kwa hilo ni vizuri sana, lakini petroli si kijidudu, haiuliki. Ukiichemsha, ile benzeni inaruka na kuingia katika hewa ya jikoni unayoivuta. Madini yenye sumu nayo hayaruki. Ukichemsha yanabaki, tena maji yakipungua yanazidi kukolea. Akanipa kitabu, na humo ndimo nilikutana na vijidudu hivi vya umeme.

Turudi sasa kwenye grafiti. Mwaka 2010 kundi la Lovley lilichukua udongo uliochafuka kwa mafuta, likaweka elektrodi za grafiti ndani yake, na likaona kwamba tolueni, benzeni na naftalini (ile ya vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini) zilivunjwa upesi kuliko pale ambapo hapakuwa na elektrodi. Kilichonivutia ni kitu walichokiona bila kukitafuta: uchafu wenyewe ulijishika kwenye grafiti, kama vile makaa yanavyonyonya harufu. Kwa hiyo chakula na steji vikawa mahali pamoja. Ni kama mama wa chapati anayeweka kibanda chake pale pale matatu zinapoteremsha; hakuna anayehitaji kutembea.

Watafiti wa Italia walirahisisha zaidi mwaka 2015. Walisema kwa nini tuhangaike na waya na mashine? Wakachukua fimbo ya grafiti, nusu wakaichomeka katika matope yenye mafuta na nusu wakaiacha katika maji ya juu yenye oksijeni. Elektroni huingia chini na kutokea juu. Walikiita kifaa hicho kwa jina la ule mrija ambao mpiga mbizi huushika mdomoni ili apumue akiwa majini, nami naona jina hilo limefaa, kwani kweli vijidudu vinapumulia fimbo.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya uchafu ulio chakula. Upo uchafu mwingine ambao si chakula, nao hutibiwa kwa kugeuza njia: badala ya kutoa elektroni ardhini, tunazipeleka ardhini. Mfano mzuri ni urani. Katika mji wa Rifle, jimbo la Colorado, kulikuwa na kiwanda cha kusaga mawe ya madini hayo kando ya mto Colorado. Kiwanda kilifungwa, taka zake zikahamishwa, lakini maji ya chini yakabaki na urani. Sasa urani ina tabia mbili. Ikiwa imepungukiwa elektroni sita huyeyuka na kusafiri na maji. Ukiirudishia mbili, hata ikapungukiwa nne tu, inagoma kuyeyuka, inakuwa kama mchanga na kutulia. Haijaondoka, la, lakini haimo tena katika maji anayokunywa mtu.

Geobacter anajua kufanya hivyo; kwake urani ni steji kama kutu. Mwaka 2002 wanasayansi walipiga sindano ya asetati katika maji ya Rifle. Asetati ni jamaa wa karibu wa siki, na Geobacter huipenda. Waliongezeka kwa wingi, na katika visima kadhaa urani ilishuka chini ya kiwango kilichotakiwa kabla ya siku 50 kwisha. Halafu mambo yakaharibika. Chuma cha karibu kilipopungua, vijidudu vinavyopumua salfeti vikaivamia ile asetati, vikaongezeka, Geobacter wakapungua, na urani ikaanza kupanda tena. Mwenye kufuga kuku anaelewa: umemwaga mahindi ya kuku wako, bata wa jirani wakaja wote.

Elektrodi haina mahindi ya kumwagwa. Mwaka 2005 Kelvin Gregory na Lovley walijaribu kuwapa Geobacter elektroni moja kwa moja kupitia grafiti iliyounganishwa na umeme. Jambo la kwanza waliloliona lilikuwa mtego. Elektrodi peke yake, bila kijidudu chochote, ilivuta urani kutoka majini upesi sana. Mwanafunzi mvivu angeandika hitimisho hapo na kwenda kucheza. Wao walizima umeme, na urani yote ikarudi majini. Ilikuwa imejishika tu, haijabadilika. Walipoweka Geobacter juu ya elektrodi kisha wakazima, urani ilibaki mahali pake mpaka oksijeni ilipoingia. Maana yake vijidudu ndivyo vilivyoibadilisha. Kisha wakajaribu katika mchanga halisi wenye urani, maji yakipita katikati, na walipoichomoa elektrodi walipata juu yake asilimia 87 ya urani iliyokuwa imetoka majini. Ile ya asetati huacha sumu imelala ardhini. Hii huitoa nje, unaichomoa kama mshikaki.

Kwa maoni yangu jaribio hilo la kuzima umeme ndilo somo lote. Ningependa liwemo katika vitabu vyetu mahali pa baadhi ya yale majaribio ambayo jibu lake tunalijua kabla ya kuwasha kichomeo.

Mwaka 2004 kikundi hicho hicho kilikuwa tayari kimeonyesha kwamba bakteria waliopewa elektroni kwa grafiti waliweza kuigeuza nitrati. Nalitaja kwa haraka lakini si dogo kwetu, kwa maana nitrati haitoki Marekani. Hutoka kwenye mbolea na kwenye vyoo vya shimo, na pale ambapo choo na kisima vimechimbwa jirani huingia majini bila harufu wala rangi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 katika lita. Ikizidi, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo damu yake hushindwa kubeba oksijeni vizuri, na midomo inageuka rangi ya samawati. Geobacter wa jaribio lile aliifikisha nitrati kwenye nitriti tu, ambayo nayo ni mbaya, kwa hiyo lazima wawepo vijidudu wengine wa kuimalizia hadi iwe naitrojeni ya kawaida ya hewani. Huyo mmoja peke yake hatoshi.

Msomaji mwerevu ameshauliza: ikiwa mambo ni mazuri hivi, mbona hatujasikia? Ziko sababu. Kijiti cha grafiti huwafaa vijidudu vilivyokigusa au vilivyo karibu nacho. Mita chache pembeni mambo ni yale yale ya zamani. Kwa hiyo eneo kubwa lahitaji vijiti vingi, na kila kijiti ni shimo la kuchimbwa. Asidi hujikusanya palipo na kazi nyingi na kuwachosha vijidudu. Maji ya ardhini kwa kawaida hayana chumvi nyingi, basi hayapitishi umeme vizuri kama ya bahari. Kazi huchukua miezi, si siku. Na mengi ya matokeo niliyoyaeleza yalitoka katika chupa na mirija ya maabara, siyo katika shamba la mtu. Aliyekuuzia habari kwamba ukizika betri kisimani maji yatatakata amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hata hivyo mahali pa kujaribia hapakosekani. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba na kuingia katika bonde la mto Thange huko Makueni, na watu waliokuwa wakitegemea maji ya mto ule na visima vya kando yake wakajikuta hawana pa kuteka. Bonde lile halina tofauti kubwa na Bemidji katika kemia yake: mafuta, mchanga, giza, na oksijeni iliyokwisha. Tofauti ni kwamba Bemidji walichimba visima vya kupimia wakavitunza zaidi ya miaka arobaini, na ndiyo maana leo mimi mtoto wa kidato cha tatu ninaweza kukueleza kilichotokea pale sentimita kwa sentimita. Kupima ndiko kunakotangulia. Kisima cha plot yetu, kwa mfano, hakijapimwa hadi leo, na nimeshaandika barua kwa afisa wa afya wa sehemu yetu nikiomba kipimwe. Nyanya naye nimempa jerikani moja kila Jumamosi kutoka kwa zile zetu sita, mama amenikubalia.

Kwa wale wasioamini mpaka waone, chama cha sayansi kilinisaidia kutengeneza kifaa kidogo ambacho kiko kwenye rafu ya mwisho ya maabara. Tulichota matope meusi ya kinamasi, yale yanayonuka, tukayajaza nusu ya ndoo na kuchanganya na unga kidogo wa mahindi uwe chakula. Mwalimu alitupatia vijiti viwili vya kaboni vilivyotolewa katika betri kuukuu za tochi, tukavisugua kwa msasa hadi vikatakata. Kila kijiti tukakifunga waya, na pale waya unapogusana na kijiti tukapaka nta ya mshumaa pande zote. Usiruke hatua hiyo. Shaba ya waya ikigusa matope hutoa umeme wake yenyewe na mtashangilia bure. Kijiti kimoja tukakizika ndani ya matope, tukamwaga maji taratibu juu yake, na kijiti cha pili tukakiacha kikielea katika maji kwa kipande cha sponji. Waya zote mbili zikaenda kwenye galvanomita.

Siku ya kwanza, kimya. Wiki nzima, kimya. Kidato cha kwanza walikuwa wakipita dirishani na kuuliza, "Sasa stima iko wapi?" Katika wiki ya pili mshale ulitoka kwenye sifuri, si sana, lakini ulitoka na haukurudi. Umeme huo hauwezi kuwasha hata balbu ya tochi. Ndipo tukafanya kama Gregory: tukajaribu kujikosoa. Tukakizamisha kijiti cha juu ndani ya matope pamoja na mwenzake, mahali ambapo oksijeni haifiki. Mshale ukaanza kuteremka, ukateremka, ukagusa sifuri. Tukakitoa, tukakisafisha na kukirudisha majini. Kesho yake asubuhi, kabla ya gwaride, mshale ulikuwa umepanda tena.